Soksi ya Netsai

Hull, Uingereza
8 Februari 2004

Baba Ruvimbo,

Dada yako Tete Ratidzai ametupiga marufuku kupigiana simu. Ameniambia, "Kwenye simu ninyi ni majogoo wawili ndani ya tenga moja. Andikeni. Mtu akishika kalamu hutulia." Nimeishika, na sijatulia. Lakini faida moja naiona: kwenye karatasi huwezi kunikata kauli.

Swali ni moja. Watoto wetu watakulia wapi? Gweru haiwezekani tena. Hilo tulikubaliana kabla sijaondoka, siku ile uliyopanga foleni ya mkate tangu alfajiri ukarudi na mfuko mtupu na nyusi iliyopasuka. Tulikubaliana nitangulie mimi huku, kwa kuwa wauguzi ndio wanaotakiwa, kisha niwaite. Tarehe 9 Novemba ulisema, "Sawa, MaMoyo, tutakuja." Usikatae. Unajua kwamba mimi huandika shajara kila siku, na hilo nimeliandika. Tarehe 20 Desemba ukaanza habari za Botswana.

Nani amekuroga na hiyo Francistown? Unasema kuna nafasi ya ualimu, na kwamba kutoka huko hadi kwa mama yako ni mwendo wa basi. Na watoto je? Huko Mzimbabwe ni mwizi mpaka aoneshe kwamba si mwizi. Dada yake mwenzangu wa kazini, Spiwe, aliuza vitambaa sokoni kwao mwaka juzi, akarudi na habari ya kutemewa mate. Unataka Ruvimbo, msichana wa miaka kumi na mitatu, aitwe kwerekwere, mgeni asiyetakiwa, njiani kwenda shule?

Huku nina kibali na nina kazi. Ninaweza kuwaita nyote. Baridi ipo, na wapo wanaonitazama ndani ya basi kana kwamba nimekalia kiti cha bibi yao. Lakini shule haina ada, na mwalimu haingii darasani na njaa. Sijaamua lolote. Nakuuliza kama mke anavyomuuliza mumewe. Nijibu kama mume.

Barua hii anakuja nayo Spiwe, anakuja likizo. Atakaporudi mpe jibu, na mpe pia kipimo cha mguu wa Netsai. Nimeona viatu vyekundu vitakavyomfaa, lakini sijui sasa mguu wake umefika wapi. Mwaka mzima sijauona.

Mkeo,
Muchaneta


Gweru
29 Februari 2004

Mama Ruvimbo,

Nimesoma barua yako nikadhani imetoka kwa karani wa mahakama. Tarehe 9 ulisema hivi, tarehe 20 ukasema vile. Mke wangu anaandika shajara au amenifungulia jalada la polisi?

Ndiyo, nilisema tutakuja. Halafu nikafikiri. Au mume haruhusiwi kufikiri? Mimi ni naibu mwalimu mkuu. Niambie nikija Hull nitakuwa nani. Wewe uliondoka hapa muuguzi mwenye cheo. Leo unafanya nini? Usinifiche, Spiwe amewahadithia watu: mnasafisha makalio ya wazee wa Kizungu. Kaka wa mwalimu mwenzangu Mlambo alikuwa mkaguzi wa shule, wakuu wa shule walikuwa wakimwona wanafunga vifungo vya makoti. Sasa yuko huko kwenu anasukuma toroli ghalani, na watoto wake wanamwita kwa jina. Kwa jina, MaMoyo! "Shadreck, sogea, sioni televisheni." Hicho ndicho unachonipikia?

Unasema Francistown watatuita makwerekwere. Na huko Hull watatuita nani, Shumba? Watanipigia makofi na kunitaja kwa jina hilo la ukoo wangu? Kama ni kutukanwa, afadhali nitukanwe mahali ninapoweza kujibu.

Tena baba yangu amelala Shurugwi. Nani atafagia kaburi lake? Mama akianguka leo, kutoka Francistown nitafika hajapoa. Kutoka kwako nitafika watu wameshakunja mikeka.

Watoto wazima. Tavonga ameng'oka jino la mbele. Netsai anaimba kutwa. Ruvimbo amekuwa mkimya, nadhani ni umri. Ile nafasi ya Francistown bado wananishikia, lakini hawatanishikia milele. Nakuambia kwa mara ya mwisho: geuza uso wako upande huu tukae kama familia. Kama huwezi, basi kila mtu ashike njia yake.

Kipimo cha mguu kimo ndani ya mzigo, pamoja na mboga kavu na siagi ya karanga aliyosaga mama wakati wa Krismasi.

Wako,
Tapfuma


Hull
21 Machi 2004

Tapfuma,

Nakuita kwa jina, kama watoto wa Shadreck, maana sijui nikuite nani tena.

Spiwe aliniletea mzigo Ijumaa. Anasema wewe hakukuona, mzigo alikabidhiwa na mwenzako Mlambo, ati umebanwa na mitihani. Mitihani ya mwezi wa pili! Nikasema basi, hataki kutazamana na mtu anayetoka kwangu. Nikafungua. Nikainusa mboga, nikalia kidogo. Nikatoa soksi moja ya Netsai. Kwenye kidole kuna fundo. Nikalifungua. Sarafu moja.

Mimi ni mtoto wa watu wa Gutu. Nilipokuwa msichana nilimwona shangazi yangu akirudi nyumbani na sanduku kichwani na sarafu kiganjani, na hakuna aliyemuuliza kulikoni. Akapewa mkeka, akapewa maji. Gupuro haina maelezo. Mume akimpa mkewe sarafu moja, amemwacha. Na barua yako inasema kila mtu ashike njia yake. Nimeelewa, Tapfuma. Sikusomea uuguzi tu.

Lakini adabu! Gupuro hutolewa mkononi, macho kwa macho, mbele ya mtu mzima. Wewe umeificha ndani ya soksi ya mwanangu wa mwisho. Tena hukutoa hata ya kwetu. Umenipa pula moja ya Botswana, ina picha ya pundamilia. Uliona ya kwetu hainunui hata njiti ya kiberiti, ukaona aibu kuachia mke takataka? Au ulitaka nijue kwamba umeioa Francistown? Ujumbe umefika.

Sasa nisikilize. Ndiyo, nasafisha makalio ya wazee. Asubuhi naanza na ya mzee mmoja aliyekuwa nahodha wa meli ya uvuvi, ananiita Maureen kwa sababu Muchaneta limemshinda, na kila nikimaliza anasema asante. Hajawahi kuniongopea hata siku moja. Na viatu unavyovaa kwenda kusimama mbele ya hao wanafunzi wako vimetoka hapo hapo unapopadharau.

Nilikuandikia kwamba sijaamua lolote. Nilikuwa nimeamua. Nyumba nimeichukua tangu Desemba. Vyumba vitatu, mlango wa kijani, shule mtaa wa pili. Nilikuwa nakuuliza kwa heshima tu, kama mtu anayebisha hodi nyumbani kwake. Kitanda cha Tavonga nimeshakiunga mwenyewe kwa bisibisi.

Nimempigia kaka yangu Zvidzai. Atakwenda kwa mama yako na wazee, kama inavyopasa, kuuliza nimekosa nini. Watoto nitawafuata mwenyewe.

Muchaneta, binti wa Moyo


Francistown, Botswana
12 Aprili 2004

MaMoyo, mke wangu,

Sijakuacha! Sijakupa gupuro! Laiti ungekuwa mbele yangu ningefoka mpaka majirani watoke na mataulo viunoni. Mwanamke mwenye akili kama wewe, unaona sarafu, unaona talaka!

Ni Netsai. Nilimwambia mama anataka kujua ukubwa wa mguu wako akununulie viatu. Akachukua sarafu yake, akaitumbukiza ndani ya soksi, akafunga fundo akilivuta kwa meno. Mimi sikuona, nilitia soksi kwenye mzigo nikafunga kamba. Baada ya barua yako nikamuuliza. Amesema, "Ili mama asikose hela ya viatu." Hiyo ndiyo gupuro yako. Umeachwa na mtoto wa miaka minne.

Utauliza mtoto alipata wapi sarafu ya Botswana. Na umeshaona nilichoandika juu ya karatasi.

Aliipata dukani, ilikuwa chenji ya mkate. Duka liko nyuma ya nyumba yetu. Tuko huku tangu wiki ya pili ya Januari. Shule za huku zilikuwa zinafunguliwa, na nafasi yangu ingekwenda kwa mwingine. Nikikuuliza ungekataa. Ungekataa, mimi ningebishana, wewe ungelia, na Januari ingepita. Nikaona nifanye kwanza, tugombane baadaye. Barua zako anazipokea Mlambo, anampa dereva wa basi. Ile ya Februari niliandika Gweru juu yake. Ni uongo, naujua, huna haja ya kuutia kwenye shajara.

Lakini wewe! "Sijaamua lolote, nakuuliza kama mke." Nyumba Desemba! Mlango wa kijani! Mimi nilikuwa mume au mzigo wa kupelekewa? Usinihubirie, MaMoyo. Siku moja tutapima uongo wetu kwenye mizani na sijui wa nani utagusa chini.

Huku si jehanamu. Maji hayakatiki. Wiki ya kwanza Tavonga aliwakuta wanawake wawili wanapiga soga mlangoni mwa duka, akasimama nyuma yao. Nilimkuta bado amesimama, nikamuuliza anasubiri nini. "Sijui, baba, lakini niko wa tatu." Ruvimbo wanamcheka anavyosema Kitswana. Atazoea. Netsai analelewa na jirani, Mma-Kabo, mama mwema.

Nakusihi kitu kimoja. Mzuie Zvidzai asiende Shurugwi. Mama hajui kwamba tumehama. Nilimwambia hatuji kumwona kwa sababu mvua imekata barabara.

Mumeo, nasema tena, mumeo,
Tapfuma


Shurugwi
18 Aprili 2004

Kwa Tapfuma na kwa MaMoyo,

Nimeiandika barua hii mara mbili, neno kwa neno, ili kila mmoja asome na karipio la mwenzake.

Zvidzai na wazee wawili walifika hapa Jumamosi. Waliketi chini katikati ya uwanja bila kusalimia, kama wakaavyo watu wenye kesi. Mama akasema, "Karibuni, wakwe zetu." Zvidzai akasema, "Dada yetu amepewa gupuro, imo ndani ya soksi." Mama akauliza, "Soksi ya nani?" Nilitaka kucheka, Mungu anisamehe. Kisha Zvidzai akasema, "Basi tuleteeni watoto wa dada yetu tuwaone." Nikaenda dukani misheni nikapiga simu Gweru. Mlambo akakohoa, akakohoa tena, akanipa namba ya Botswana. Nikapiga, Tapfuma akanieleza yote. Nikarudi kumwambia mama mbele ya wakwe kwamba wajukuu zake wamevuka mpaka miezi mitatu iliyopita. Barabara aliyoambiwa imekatika, amekuwa akiiombea kwenye sala.

Tapfuma, mdogo wangu. Ni wewe uliyekuja kwangu ukaniambia, "Tete, tunagombana mno, tuamuru tuandikiane." Nikafurahi, nikasema mdogo wangu amekomaa. Kumbe ulitaka mkeo asisikie watoto wanaongea wakiwa wapi. Umenifanya kizibo cha chupa yako.

Na wewe, wifi yangu. Tangu lini gupuro ikapanda ndege? Umeona soksi ya mtoto, ukamsahau mtoto mwenyewe. Ukamtuma kaka yako kuja kumwaibisha mama mzee kwa ajili ya hela ya mtoto anayejifunza kufunga fundo. Na nyumba ukaichukua kimyakimya, kisha ukajifanya unauliza. Wote wawili mliulizana swali ambalo kila mtu ameshalijibu na jibu amelilalia.

Nimefuta marufuku ya simu. Tapfuma, utakwenda Gutu kwa wakwe zako na ng'ombe wa faini, na utasema mwenyewe ulichofanya. Nitakuwepo, si kukutetea, bali kusikia kama umeruka kitu. MaMoyo, piga simu. Usimpigie huyu. Mpigie Ruvimbo, nyumbani kwa jirani, namba nimeiandika nyuma.

Tete Ratidzai


Hull
16 Mei 2004

Baba Ruvimbo,

Nimempigia Ruvimbo. Akasema, "Habari za huko, mama," kama anavyomsalimia mgeni wa kanisani. Nikamwambia, mwanangu, mimi sikujua kwamba mmehama. Akasema, "Baba alisema unajua. Alisema ni wewe uliyetaka twende."

Nilipokuwa naiandika sentensi hiyo, kalamu ilitoboa karatasi.

Kwa hiyo tangu Januari, wanapomcheka, wanapomwita yale majina uliyosema unaweza kuyajibu, mwanangu ameamini kwamba ni mimi niliyempeleka huko, kisha nikakaa kimya, hata simu nisipige. Ndiyo sababu ya ukimya wake. Wewe ukaniandikia ni umri! Uongo ulioniambia mimi ningeumeza, kwa kuwa nami nilikudanganya. Huu uliowaambia wao kwa jina langu, siumezi.

Nikamweleza habari za huku. Nikamwambia chumba chake kinatazama bustani, shule iko mtaa wa pili. Nilitegemea aulize kama kuna theluji. Akauliza, "Tufungashe lini?" Basi. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza kama afunge banda la kuku. Nyuma yake Tavonga akapiga kelele, "Mwambie mimi siendi, nimechaguliwa kuwa kipa!" Netsai hakutaka hata kushika simu. Alikimbilia kwa huyo Mma-Kabo wako, nikamsikia anamweleza jambo refu, kwa lugha ambayo sijui. Mwanangu mwenyewe, na sikuambulia neno.

Nilirudi nikaketi kwenye ngazi za nyumba hii nikiwa na hasira ya kuvunja sahani. Nikavunja moja. Haikusaidia kitu, nikaokota vigae.

Nakuja Francistown.

Usishangilie. Hukunishinda kwa hoja. Hoja zako hazikuwa na miguu mwezi wa pili na hazina leo. Ulinililia kaburi la baba yako, na tangu uhamie hapo unapopaita karibu hujalifagia hata mara moja. Nakuja kwa sababu watoto hawa wameng'olewa mara moja na mtu ambaye hakuwauliza, nami sitaki kuwa wa pili ndani ya mwaka mmoja. Ruvimbo angefungasha. Hilo ndilo lililoniogopesha, kwamba angefungasha bila kuuliza kitu, na huku Hull angeishi na begi lake chini ya kitanda, akisubiri mzazi mwingine aamue.

Sithembile niliyesoma naye uuguzi anafanya kazi katika zahanati moja huko. Amenipatia nafasi, pamoja na nyumba ya vyumba viwili. Watoto watakaa nami. Wewe utalala unapolala sasa mpaka utoke Gutu, na Tete aniambie kwamba hukuruka kitu. Baada ya hapo tutaona. Siandiki kwamba nimekusamehe, na usimtume mtu kuja kunibembeleza. Atakayekuja nitampa ndoo akanichotee maji, kwa kuwa umesema hayakatiki.

Nyumba ya huku nimeirudisha. Kitanda cha Tavonga amekichukua Spiwe. Alikuja kukikongoa nikiwa kazini, nilimwomba iwe hivyo. Yule nahodha nimemuaga. Ameniuliza, "Maureen, unakwenda nyumbani?" Nikamvalisha soksi zake.

Nitafika kwa basi la kutoka Gaborone, Jumamosi ya tarehe 5 Juni. Kabla ya siku hiyo waketishe watoto wote watatu, hata Netsai, uwaambie kwa mdomo wako kwamba mama yenu alikuwa hajui. Maneno hayo tu. Usiongeze "lakini". Usianze na habari za shule kufunguliwa. Nikishuka sitakuuliza kama umewaambia. Nitamtazama Ruvimbo.

Muchaneta